Klipu Mbili za Jina Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti na kukatazwa kugusa kitu chochote. Kilikuwa kituo cha picha cha kanisa, chumba kirefu chenye mapazia mazito na mashine za kanda zinazonguruma kama jokofu bovu. Mkuu wa Kituo alikuwa mwinjilisti mstaafu, mrefu, asiyecheka ovyo. Alinisimamisha mbele ya mashine akanionyesha kitufe chekundu.

"Binti, unakiona hiki?"

"Nakiona, baba."

"Hiki kinarekodi juu ya kile kilichokuwepo. Ukikibonyeza kwa bahati mbaya, ubatizo wa mtoto wa mtu umefutika, na mchungaji hatambatiza mara ya pili kwa sababu yako. Kaa hapo ukiangalie mpaka ukiogope."

Nikakaa. Saa ya chai ilipofika nilikuwa nimekwisha kukiogopa, na hofu ile haikunitoka katika miaka yote niliyokula mshahara wa kazi hii.

Ninyi mnaohariri kwa simu mkiwa mmelala kitandani hamuwezi kujua tulivyofanya. Kuhariri kwa kanda kulikuwa ni kunakili kutoka mashine moja kwenda nyingine, kipande baada ya kipande, kwa mfuatano. Ukigundua mwishoni kwamba kipande cha pili kimekaa vibaya, unarudi nyuma na kurudia vyote vilivyokifuata. Hapakuwa na kurudisha hatua. Nilijifunza kushika pumzi kabla ya kukata, kama mtu anayevuka mto wakati wa masika.

Kutoka hapo nilihamia Sekei, kwenye kampuni iliyotengeneza filamu za watalii: twiga, theluji ya Kilimanjaro, machweo ya Meru. Huko nikakuta kompyuta. Meneja wa Uzalishaji alikuwa mtu wa Tanga, mwenye Kiswahili kitamu kilichotufanya sisi wa mlimani tuone aibu kufungua mdomo. Ndiye aliyenifundisha jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo mzizi wa kazi yetu. Nilikuwa nimemletea kwenye flashi faili la mradi wa filamu nzima, nikashangaa kwamba kitu kikubwa namna ile kimeenea mahali padogo vile.

"Mwanangu," akasema, "mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unamwambiaje?"

"Namwambia apande mpaka kanisani, akunje kushoto, aulize kwa Mama Ndeshi."

"Sasa nyumba yenu imo ndani ya maneno hayo?"

"Haimo."

"Basi na faili la mradi ndivyo lilivyo. Halina picha hata moja. Lina maelekezo tu: nenda folda fulani, chukua klipu fulani, anza hapa, ishia pale, weka muziki huu chini yake. Hapa umeniletea maelekezo. Nyumba umeiacha kwenye kompyuta yako."

Klipu ni kipande cha picha kama kilivyotoka kwenye kamera. Mradi unaziita klipu kwa majina yao. Ukihamisha klipu, ukabadili jina la folda, au ukachomeka eksteno nyingine, yaani diski ya nje ya kuhifadhia, mradi unabisha hodi na hakuna anayeitika. Hapo skrini inakuwa nyekundu na kuandika kwamba midia haipo. Wahariri wengi nimewaona wakitokwa jasho mbele ya wekundu ule. Meneja alikuwa na maneno mengine.

"Nyekundu usiiogope. Nyekundu inakuambia ukweli. Muogope anayekuambia nimempata, kumbe amempata mwingine."

Wakati ule sikumwelewa.

Kazi yangu kubwa pale ikawa kukonvati miradi, maana kila programu ya kuhariri ina lugha yake, na watengenezaji wake hawana huruma. Unaamka asubuhi unasikia programu uliyoizoea imeachwa, kompyuta mpya haziipokei, na filamu za miaka yote zimefungwa ndani yake. Njia ni kuutoa mradi kwenye programu ya zamani kama faili la kati, maandishi matupu ambayo programu zote mbili zinaweza kuyasoma, kisha kuliingiza kwenye mpya. Ni kama kuvuka mpaka pale Namanga na mizigo mingi. Mikato inapita. Maandishi ya majina mara nyingi yanabaki forodhani. Rangi ulizozipamba zinapotea, sauti uliyoishusha inarudi kupiga kelele, na hakuna anayekuandikia ni kipi kimezuiwa. Inabidi uketi uangalie filamu yote, mwanzo hadi mwisho, na masikio yamesimama. Wenzangu waliniita mwoga. Meneja aliniita mkaguzi. Nilijua wenzangu ndio waliokuwa sahihi.

Mume wangu alipofariki niliacha filamu za utalii, kwa sababu zilinidai safari za porini na nilikuwa na binti mmoja, Neema, ambaye sikutaka alale kwa watu. Nikapata kazi Kimandolu kwenye ofisi ndogo iliyookoa picha za zamani za wateja: kanda za harusi, diski zilizokwaruzika, miradi iliyokufa pamoja na kompyuta zake. Mkuu wa Kitengo alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mwenye tai kila siku na adabu nyingi, na aliyeogopa kitu kimoja tu, kumkasirisha mteja.

Naftali alikuja pale asubuhi moja ya baridi, Meru haionekani kwa mawingu. Mwanamume mpana, sweta safi, viatu vyenye udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alifungua mfuko wa nailoni akatoa eksteno aliyoifunga kwa kitambaa kama yai. Baba yake, Mzee Mesiaki wa Olmotonyi, alikuwa amezikwa hivi karibuni. Alipokuwa hai alimwita mpiga picha wa mjini akarekodi wosia wake, maana alikuwa na wana wawili na aliwajua. Diski ya wosia ilikuwa imekwaruzika, inacheza wimbo wa mwanzo tu kisha inakwama. Studio ya mpiga picha yule ilikwisha kufungwa na mwenyewe hakujulikana alikohamia. Kilichobaki ni eksteno ile, yenye mradi na klipu zake, na ukoo ulikuwa umepanga siku ya kukaa na kusikiliza.

Mradi ulikuwa wa programu iliyokufa siku nyingi. Nilikuwa nimeitunza kompyuta moja ya zamani kwa shida kama hizo, kwa hiyo niliufungulia huko, nikatoa faili la kati, nikaliingiza kwenye mpya. Programu ikauliza klipu ziko wapi. Nikaielekeza kwenye eksteno. Ikatafuta, ikasema zote zimepatikana. Hakuna nyekundu hata moja. Naftali alikuwa ameketi kando yangu, mikono magotini. Nikabonyeza icheze.

Mzee akatokea amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, amevaa sweta la kijani. Alisali. Alimshukuru mkewe. Kisha picha ikakata na yule yule mzee alikuwa amejifunika shuka nyekundu, na sauti ikaanzia katikati ya neno:

"...zeni. Shamba lote na nyumba ni vya Naftali. Lemburis hajakanyaga hapa tangu aende machimboni. Asikanyage hata nikifa. Nimese..."

Hapo ikakatika. Sweta la kijani likarudi, mzee akawabariki, ikaisha.

Niliogopa kabla sijajua naogopa nini. Naftali alikuwa akilia bila sauti.

"Baba," akasema. Kisha akajifuta uso. "Nitolee hiyo, mama. Hiyo hiyo."

"Nipe muda kidogo, baba. Kuna kitu hakijakaa sawa."

"Kitu gani? Si nimemwona? Si nimemsikia?"

"Ni mambo ya sauti," nikamwambia, na hiyo ilikuwa nusu ya kweli.

Alipoondoka nilifunga mlango. Hakuna mhariri duniani, hata awe mlevi, anayeingia katikati ya neno na kutoka katikati ya neno kwenye wosia wa mtu. Alama za kuanzia na kuishia zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya klipu nyingine. Nikaifungua eksteno folda kwa folda, na kweli nikakuta klipu mbili zenye jina moja, herufi kwa herufi, namba kwa namba. Kamera huzipa klipu namba, na ukiformati kadi ili iwe tupu, baadhi ya kamera huanza kuhesabu tena tangu moja. Mpiga picha alikuwa amekwenda Olmotonyi mara mbili, na mara zote mbili klipu ya wosia ikaangukia namba ile ile. Folda zilikuwa mbili, kila moja na Mzee Mesiaki wake. Programu mpya ilitafuta kwa jina tu, ikamkuta wa kwanza, ikaridhika.

Nikamfungua wa pili. Sweta la kijani. Alisema polepole kwamba shamba ligawanywe katikati tangu juu hadi chini, Lemburis achukue upande wa mto na Naftali upande wa barabara, na nyumba ni ya mama yao maadamu anapumua.

Yupi ndiye aliyekuwa kwenye wosia? Tarehe hazikunisaidia, maana saa ya kamera ile haikuwahi kurekebishwa. Lakini faili la mradi hukumbuka kitu kingine kuhusu kila klipu, nacho ni urefu wake. Nilirudi kwenye kompyuta ya zamani nikausoma urefu ulioandikwa. Klipu ya shuka ilikuwa fupi mno. Klipu ya sweta ililingana bila kupungua wala kuzidi. Nilipoiunganisha, maneno yalianza mwanzo wa neno na kuishia kwenye nukta. Sikuwa na shaka. Na kwa sababu sikuwa na shaka, nikaogopa zaidi.

Nilimwendea Mkuu wa Kitengo nikamweleza. Alilegeza tai.

"Mama, sisi si mahakama. Mteja ametaka nini?"

"Anataka ile ya kwanza."

"Basi mpe. Yeye ndiye aliyeleta eksteno."

"Mkuu, mwenye maneno ni marehemu."

"Marehemu hatarudi hapa kuvunja vioo," akasema, na akaona haya mwenyewe kwa jinsi alivyosema. Akageukia dirishani. "Fanya utakavyoona. Ila mimi sikuambiwa kitu."

Naftali alirudi kabla ya siku niliyomwambia. Safari hii nilimweleza yote, nikamwonyesha klipu zote mbili, nikidhani mtu akielewa atatulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Alielewa vizuri kabisa.

"Mama," akasema, "unajua nani alimwosha baba? Mimi. Alipokuwa hawezi kujigeuza, nani alimgeuza? Lemburis alikuwa Mererani anatafuta mawe. Alirudi wakati mzee anakaribia kufa, akakaa, akamchekesha, akapewa nusu. Ile ya kwanza baba aliisema moyo wake ukiwa wake. Weka ile."

"Siwezi, baba."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Alisimama akaitazama picha ya Neema niliyoibandika ukutani, akiwa na sare ya shule.

"Huyu ndiye binti yako? Nyumba yenu ni ile ya geti la bluu, Sekei, mbele ya duka la dawa?"

Niliibandua ile picha ukutani.

"Nitakufuata mwenyewe siku ya kikao. Utaleta na projekta. Tutakwenda wote."

Siku zilizofuata nilimpeleka Neema shuleni mwenyewe na kumfuata mwenyewe. Alikuwa kidato cha tatu, aliona aibu mbele ya wenzake. "Mama, kwani kuna nini?" Nikamwambia kuna mbwa wenye kichaa mtaani. Kila gari lililosimama nje lilinitoa chumbani. Niliwaza kuacha kazi. Niliwaza pia kuifuta klipu ya sweta, na nawaambia kweli, mkono wangu ulikaa juu ya kipanya na klipu ile imechaguliwa. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Niliogopa kufuta tu, hofu ya zamani iliishinda hofu mpya.

Naftali alikuja na pikapu. Tulipita mjini, Sakina, Ngaramtoni, tukakunja kupanda mlima. Laptopu niliipakata. Nyumba zikaisha, na misonobari ya msitu wa kupandwa ikatuzunguka pande zote, giza chini yake ingawa ilikuwa mchana.

"Umeweka ipi?"

Nilitaka kudanganya.

"Nimeweka aliyoiweka baba yako."

Alisimamisha gari kando ya njia, akazima injini. Nilisikia matone ya ukungu yakidondoka juu ya bati la gari. Aliangalia mbele.

"Shuka," akasema.

Nikashuka na laptopu kifuani. Yeye akashuka upande wake, akazunguka mbele ya gari. Alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo."

"Baba, tafadhali."

"Nipe, mama. Sitaki kukugusa."

Niliwaza Neema atamkuta nani getini. Niliwaza kwamba nikimpa, yote yamekwisha, nitarudi nyumbani, na hakuna atakayenilaumu. Nilikuwa nimeanza kuinyoosha mikono. Hapo wakatokea wanawake watatu kutoka msituni na mizigo ya kuni mgongoni, na wa mbele akaita kwa nguvu:

"Naftali! Bado uko hapa? Wazee wameshakaa, wanakungoja wewe na huyo mama wa picha!"

Naftali akashusha mkono. Akawaitikia. Walitupita wakitusalimia mmoja mmoja, nami nikaitikia kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu. Walipopotea kwenye kona akafungua mlango wa upande wangu.

"Panda."

Ukoo ulikuwa umekaa ndani ya banda la mahindi lililofagiliwa, mapazia ya magunia yakizuia mwanga. Mama yao alikaa kwenye kiti mbele, mdogo, amejitanda kanga mbili. Lemburis alikaa chini karibu na miguu yake, mtu mwembamba mwenye makovu ya machimboni mikononi. Aliyeongoza kikao alikuwa laigwanani, kiongozi wa mila, mzee mwenye koti la suti juu ya shuka. Wanaume wengi walikuwa na fimbo zao, kama kawaida, lakini siku hiyo kila fimbo niliiona.

Nikaicheza filamu. Mzee alisali, akashukuru, akagawa shamba katikati, akabariki. Wanawake walikuwa wakilia. Hapo Naftali akasimama.

"Wazee, hii siyo. Mimi mwenyewe niliona nyingine ofisini kwake. Baba alisema vingine. Huyu mama amebadilisha."

Banda lilinguruma. Mtu nyuma yangu akasema, "Amenunuliwa." Mwingine akasimama. Laigwanani akainua mkono.

"Mama, ziko ngapi?"

"Ziko mbili, mzee."

"Zionyeshe zote."

Nikaonyesha ile ya shuka, yote, tangu mwanzo wake halisi. Lemburis alipomsikia baba yake akisema asikanyage, aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia magoti.

"Ipi ndiyo neno lake la mwisho?" laigwanani akauliza.

Nikaeleza habari za majina, namba na urefu. Nilieleza vibaya. Kijana mmoja msomi akasema, kwa haki kabisa, "Mama, kompyuta ni yako na maelezo ni yako. Sisi tutajuaje?"

Nilikuwa peke yangu kati ya watu wasionijua, na nje ya banda ulikuwapo msitu. Nikakumbuka kwamba kwenye mradi klipu haitumiki yote. Mhariri huchukua anachohitaji, na mwanzo na mwisho wa klipu hubaki pale bila kuonekana kwenye filamu. Ile ya sweta nilikuwa nimeitazama kwa haraka, nikiruka mwanzo wake kutafuta maneno ya shamba. Nikaifungua yenyewe, nje ya mradi, nikaicheza tangu kamera ilipowashwa.

Mzee alikaa kwenye kigoda akikohoa. Alikohoa sana. Mpiga picha akasikika akisema wangoje. Kisha mkono ukaingia kutoka pembeni na kikombe cha bati, mkono mwembamba wenye makovu, na sauti ikasema:

"Baba, kunywa maji kwanza."

Mzee akanywa. Akaushika ule mkono, hakuuachia upesi.

"Lemburis," mama yao akasema. Hakusema kwa nguvu. "Huyo ni Lemburis wangu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wote walijua alikuwa hajarudi nyumbani hata mara moja mpaka miezi ya mwisho ya baba yake, na ile ya shuka ilikuwa imesema hivyo kwa mdomo wa mzee mwenyewe. Lemburis alijifunika uso.

Naftali alikuwa bado amesimama. "Mimi ndiye niliyemwosha," akasema. "Siku zote nilimwosha mimi." Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyebisha. Mama yao aliinuka kwa shida akamwendea, lakini kabla hajamfikia Naftali alikuwa amekwisha kutoka. Tulisikia pikapu ikiwaka na kushuka.

Laigwanani akasema neno la mwisho la mzee ndilo litakalosimama. Nilirudishwa mjini kwa bodaboda, jioni haijafika, na tulipopita kwenye misonobari nilifumba macho mpaka dereva aliponiambia tumefika lami.

Mkuu wa Kitengo hakuniuliza kitu. Niliishi na hofu ile muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilipaka geti rangi nyingine, kana kwamba mtu angepotea kwa sababu ya rangi. Nilibadili njia za kwenda kazini. Hakuna aliyenifuata, na hilo nalo halikunipumzisha, maana asiyekuja leo anaweza kuja kesho.

Naftali nilimwona tena soko la Kilombero, mimi nachagua viazi, yeye amemshika mama yake mkono. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo, mama."

Niliinamia viazi. Yule mama mzee ndiye aliyenisalimia, akanishika viganja, akasema macho yanamsumbua na Naftali anamleta hospitali. Akageukia nyanya. Naftali akasema kwa sauti ya chini:

"Bado unaniogopa."

"Ndiyo, baba."

Alitikisa kichwa polepole. "Hata mimi nilijiogopa siku ile." Hakuomba msamaha wala sikumwambia nimemsamehe. Alimchukua mama yake, wakaenda.

Nilistaafu kutoka ofisi ile ile. Mkuu wa Kitengo aliniaga kwa hotuba fupi na vitenge viwili, akasema nilikuwa mfanyakazi makini. Vijana wanaponiuliza siri ya kazi nawaambia vitu vya kawaida. Zipeni klipu majina mliyoyachagua wenyewe kabla hamjaanza kukata. Zihifadhini mahali pawili. Mkikonvati, msiiamini kompyuta inaposema imepata kila kitu, ketini muangalie wenyewe. Wanaitikia, kisha wanarudi kwenye simu zao. Siwalaumu. Mtu hafundishwi kuogopa kwa maneno.

Mwaka jana afya yangu ilitetereka kidogo. Neema, ambaye sasa ana familia yake Dodoma, alinipigia akasema kwa upole, akizunguka zunguka, kwamba labda nirekodi maneno machache kwa ajili yake na wajukuu, kuhusu kiwanja cha Sekei na mambo mengine, maana yeye anajua kamera hazinishindi.

"Sirekodi," nikamwambia.

"Mama, jamani, si vibaya kujiandaa."

"Njoo Krismasi. Njoo na mumeo na watoto."

Walikuja. Baada ya ibada na chakula niliwakalisha wote sebuleni, nikawaambia kwa mdomo wangu ninavyotaka, kitu kimoja kimoja. Neema hakukubaliana nami juu ya kiwanja. Mumewe akaingilia, nikamkatiza, Neema akanikatiza mimi, mjukuu mkubwa akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, nikabadili neno langu palepale. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilikuwa natetemeka, na Neema aliona, akaja akakaa kwenye mkono wa kiti changu.

"Unaogopa nini, mama?"

"Naogopa nimesahau kitu."

"Basi utatuambia kesho," akasema, akainuka kwenda kupasha chai.